Shilingi 3,600 kwa Mkupuo: Hesabu ya SHA kwa Mzazi Mzee

Shilingi 300 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha mchango wa bima ya afya ya serikali nchini Kenya, na ndiyo nambari utakayotajiwa ukiuliza mtu yeyote karibu na Adams Arcade jijini Nairobi, awe mchuuzi wa mitumba soko la Toi au mpangaji wa Woodley. Lakini mzee asiye na mshahara anapoomba bima hiyo, halipishwi 300. Hulipishwa 3,600, za mwaka mzima, kabla hajaugua. Kwa familia nyingi, pengo kati ya nambari hizo mbili ndilo linaloamua nani atalazwa kwa bima na nani atachangiwa kwa harambee.

Kutoka NHIF hadi SHA

NHIF, hazina ya taifa ya bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifikia kikomo Oktoba 1, 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Asiye na ajira huulizwa maswali kuhusu maisha yake: nyumba ya aina gani, paa la nini, maji anatoa wapi, anapikia nini. Kutokana na majibu hayo mfumo hukadiria kipato chake na kumpangia ada, ambayo haiwezi kushuka chini ya 300 kwa mwezi.

Kwa mzee wa kiwango cha chini, ada yenyewe imepungua. Enzi za NHIF, asiye na ajira alilipa 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Amepunguziwa 2,400. Tatizo ni kwamba wengi walizoea kulipa mwezi kwa mwezi, ilhali SHA inataka za mwaka mzima mara moja.

Mzazi hamo kwenye kadi ya mwanawe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kadi ya mwajiriwa inamlinda yeye, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Baba na mama yake hawamo, hata wakiishi chumba cha pili na kula chungu kimoja. Kwa SHA, mzazi huyo ni kaya yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mwanamume anaishi Woodley na mshahara wake ni 80,000. Anakatwa 2,200 kila mwezi, sawa na 26,400 kwa mwaka. Mama yake, mjane wa miaka 72, anaishi naye. Akipangiwa ada ya chini kabisa, nyumba hiyo moja italipa jumla ya 30,000 kwa mwaka. Za kwanza 26,400 hukatwa na mwajiri bila mtu kukumbushwa. Zile 3,600 za mama zinamngoja mtu azikumbuke, azitafute na azilipe. Ndizo hizo husahaulika mpaka usiku wa kukimbizwa hospitalini.

Asilimia 2.75 inapogeuka 15

Tuseme mama huyo hana mwana wa kumlipia, na kipato chake pekee ni shilingi 2,000 za kila mwezi kutoka Inua Jamii, mpango wa serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Asilimia 2.75 ya 2,000 ni shilingi 55. Lakini kwa sababu ya kiwango cha chini, atadaiwa 300, ambazo ni asilimia 15 ya kipato chake. Anayepata 200,000 kwa mwezi hukatwa 5,500 na kubaki na 194,500. Mama huyu hubaki na 1,700. Na kwa kuwa analipa kwa mkupuo, 3,600 ni karibu miezi miwili ya Inua Jamii bila kununua unga wala dawa.

Sheria iliyotungwa ili kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake inamtoza maskini kwa kiwango kinachozidi mara tano kile cha tajiri. Hilo linahitaji kurekebishwa.

Ada hiyo inanunua nini?

Hata hivyo, 3,600 zinastahili kutafutwa. Viwango vilivyotolewa mwishoni mwa 2024 viliweka malipo ya kulazwa kuwa 3,360 kwa siku katika hospitali ya Level 4, na 4,480 katika ya Level 6 kama Kenyatta. Siku tano za Level 4 ni 16,800, mara nne na zaidi ya ada ya mwaka. Kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo ni 10,650 kwa kila kikao. Anayekwenda mara mbili kwa wiki hugharimu 1,107,600 kwa mwaka.

Kwa hivyo ada ya mzee mmoja hulipia siku moja tu ya kitanda cha Level 4 na chenji kidogo. Gharama inayobaki hutoka kwa vijana na waajiriwa ambao hawajaugua. Ndiyo maana bima ya umma, ambayo haipandishi ada kwa sababu ya umri, ina thamani kubwa kwa mzee kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kinachowezekana

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Serikali ikiwalipia ada ya chini wazee milioni moja walio maskini zaidi, itatumia shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka. Kuwapa wazee wa idadi hiyo Inua Jamii hugharimu bilioni 24 kwa mwaka. Mnamo Oktoba 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kuwalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Kila mzee wa Inua Jamii anapaswa kuwa kwenye orodha ya namna hiyo moja kwa moja, bila kuomba.

Kwa sasa, anza na lisilo na gharama. Kujisajili ni bure, kwa kubonyeza *147# hata kwenye kabambe, au kupitia mhudumu wa afya ya jamii mtaani, na humfungulia mzee huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Mzee awe na kitambulisho na nambari ya simu iliyo kwa jina lake. Asiachwe ajibu maswali ya kipato peke yake: nyumba ya mawe ya mwanawe si mali yake, na jibu lisilo sahihi humpandishia ada. Akipangiwa nyingi kupita kiasi, ana haki ya kuomba ikadiriwe upya. Mwulize chifu kama jina lake liko kwenye orodha ya wanaolipiwa. Kama haliko, ndugu watatu wakitoa 100 kila mmoja kwa mwezi, mwaka ukiisha 3,600 zitakuwa mkononi.