DESTURI ZA WAJAPANI: MAMBO YAMPASAYO MGENI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wenzetu wengi hapa shuleni wenye nia ya kwenda Japani kusoma siku za mbele. Nia hiyo si ndoto tupu, kwa maana Serikali ya Japani imekuwa ikitoa nafasi za masomo kwa wanafunzi wa nchi za nje tangu mwaka 1954, na Watanzania ni miongoni mwa waliozipata. Lakini tukizungumza bwenini juu ya safari hiyo, mazungumzo yote huwa ni ya magari, mitambo na treni ziendazo mbio. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Je, nikifika kwa watu hao nitakaa nao vipi?" Nami naona swali hilo ndilo la kwanza. Mgeni mwenye adabu huwafungulia mlango wanaomfuata, na asiye na adabu huwafungia. Kwa hiyo nimekusanya hapa desturi chache za Wajapani pamoja na sababu zake, maana desturi isiyojulikana sababu yake husahaulika upesi.

Asili ya desturi hizo

Japani ni nchi ya visiwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 378,000 hivi, yaani halifiki nusu ya eneo la Tanzania, na sehemu kubwa yake ni milima. Watu wake wamezidi milioni 120, ambao ni karibu mara mbili ya sisi tuliohesabiwa mwaka 2022 tukawa milioni 61 na laki saba. Mji wa Tokyo pamoja na miji inayouzunguka una watu milioni 37 hivi. Basi watu waliosongamana namna hiyo wasipochungana hawawezi kukaa kwa amani. Wajapani wana neno "meiwaku", maana yake ni udhia ambao mtu humletea mwenziwe. Mtoto hufundishwa tangu udogoni kwamba asiwaletee watu meiwaku. Ukilishika neno hilo moja, desturi nyingi utazifahamu hata kabla hujafundishwa.

Salamu

Kwa desturi yao Wajapani hawapeani mikono, bali huinama. Kuinama kidogo, kadiri ya digrii 15, kwamtosha mtu unayepishana naye njiani. Kwa mkubwa au mteja huinama kadiri ya digrii 30, na kwa kuomba radhi au kushukuru sana digrii 45. Mgongo hunyoka, wala si shingo tu inayokunjwa. Jambo hili lisitushangaze sisi, ambao katika makabila yetu mengi binti hupiga goti anapomwamkia mkubwa wake.

Jina la ukoo hutangulia, na nyuma yake huongezwa neno "san" kwa heshima. Mwalimu na daktari huitwa "sensei". Lakini mtu hajiiti mwenyewe "san" hata mara moja, maana hiyo ni sawa na mtu kujipa shikamoo.

Ukipewa kadi ya jina, ipokee kwa mikono miwili, uisome, kisha uiweke mahali pa heshima. Usiitie katika mfuko wa nyuma wa suruali, ukaikalia. Zawadi nazo hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Sisi tuliolelewa kuuficha mkono wa kushoto tusidhani kwamba tunadharauliwa. Kwao mkono mmoja ndio ulio na upungufu. Tena usipeleke zawadi ya vitu vinne, kwa sababu "shi", ambalo ni jina moja la hesabu ya nne, lasikika sawasawa na neno la mauti.

Nyumbani

Mlangoni mwa nyumba ya Kijapani pana mahali palipo chini kidogo kuliko sakafu, paitwapo "genkan". Hapo ndipo viatu vinapovuliwa, vikapangwa ncha zikielekea nje. Watu wa pwani yetu hawatapata taabu, kwa kuwa nao hawaingii chumbani na viatu. Ila Wajapani wamezidisha: utapewa ndara za kuvaa ndani, lakini ukifika kwenye chumba chenye mikeka minene ya "tatami" utazivua, uingie na soksi. Na chooni zimo ndara nyingine, ambazo hazitoki humo. Mgeni atokaye chooni na ndara za chooni akaingia nazo sebuleni huwachekesha watoto na kuwatahayarisha wazee.

Katika bafu pana jambo la kuangalia sana. Lile pipa la maji ya moto si la kujisugulia. Mtu hujiosha kwa sabuni pembeni, akajisuuza mpaka akatakata, ndipo aingie majini kupumzika. Maji hayo hayo yataingiwa na watu wote wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi mgeni hukaribishwa awe wa kwanza. Akiisha kutoka, asiyamwage! Akiyamwaga amewanyima wenyeji wote bafu ya siku hiyo.

Mezani

Kabla ya kula husema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu, na wakiisha hushukuru kwa kusema "gochisosama deshita". Kunyanyua bakuli la wali karibu na kinywa si ulafi, ni adabu. Kunywa tambi kwa mvumo pia hakuna ubaya, ingawa hapa kwetu mama angekuonya. Usijimiminie kinywaji mwenyewe. Mmiminie jirani yako, naye atakumiminia wewe.

Makosa makubwa mawili yahusu vijiti vya kulia. La kwanza ni kuvisimamisha katika bakuli la wali, kwa sababu ndivyo wali unavyowekwa mbele ya maiti. La pili ni kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Japani karibu maiti wote huchomwa, na baadaye jamaa huiokota mifupa kwa vijiti na kupokezana ili kuitia chomboni. Kwa hiyo mgeni afanyaye hivyo mezani, huku akicheka, huwakumbusha wenyeji wake siku waliyomzika baba au mama. Hapa twaona kwamba adabu si mapambo tu. Kijiti kilichosimama katika wali chaweza kuwa msiba mbele ya mtu mwingine.

Ukila mkahawani, lipa bei iliyoandikwa wala usiache bakshishi. Mtumishi aweza kukukimbilia njiani akurudishie fedha zako, akidhani umezisahau.

Njiani na katika treni

Watu hupanga mstari kituoni, huwaacha wanaoshuka washuke kwanza, na ndani ya treni hawazungumzi kwa simu. Mzigo wa mgongoni huvuliwa ukawekwa mbele, usiwagonge wengine. Wakati nao huheshimiwa sana. Tarehe 14 Novemba 2017 treni moja ya Tsukuba Express iliondoka katika kituo cha Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati wake. Hakuna abiria aliyelalamika, lakini kampuni iliomba radhi hadharani. Sisi tuliozoea kungoja basi mpaka lijae twaweza kucheka, lakini abiria aliyefika kwa wakati halisi angeachwa, na hiyo ndiyo meiwaku.

Mapipa ya taka ni machache sana barabarani. Mengi yaliondolewa baada ya mwaka 1995, wakati kundi la watu waovu lilipotia gesi ya sumu katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Tangu hapo mtu hubeba taka zake mpaka nyumbani, na njia bado ni safi. Asili ya usafi huo ni shuleni, ambako wanafunzi hufagia na kupangusa madarasa yao wenyewe. Katika mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1998 huko Ufaransa, mashabiki wa Japani waliokota taka uwanjani baada ya mchezo, na desturi hiyo wameendelea nayo. Mwaka 2018 huko Urusi timu yao ilifungwa na Ubelgiji mabao 3 kwa 2, ikatolewa. Hata hivyo wachezaji waliacha chumba chao cha kubadilishia nguo kikiwa safi, pamoja na karatasi ya shukrani iliyoandikwa kwa Kirusi. Nasi hufagia kila asubuhi, lakini wengi wetu hufanya hivyo kwa kumwogopa kiranja wa zamu. Tofauti iko hapo.

"Ndiyo" na "hapana"

Jambo gumu kuliko yote ni maneno. Mjapani hapendi kumkatalia mtu usoni. Badala ya kusema "hapana" huvuta pumzi, akasema "chotto", yaani "kidogo", kisha akanyamaza. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani aliyewahi kufundisha hisabati hapa aliombwa na wanafunzi wa kidato kilichotutangulia awape kipindi cha ziada Jumapili. Akasema, "Jumapili ni vigumu kidogo." Wao wakapanga viti, wakamngoja mpaka adhuhuri, kisha wakanung'unika kwamba amevunja ahadi. Kumbe alikuwa amekwisha kataa! Kwa wiki kadhaa walimhesabu kuwa ni mtu wa kiburi, naye hakujua kosa lake.

Wajapani wenyewe hupambanua mambo mawili: "honne", yaani yaliyomo moyoni, na "tatemae", yaani yasemwayo mbele za watu. Wako wenzangu wasemao kwamba huo ni unafiki. Mimi sikubali. Hebu tujitazame sisi. Jirani akipita tunapokula, husema "Karibu chakula", hata kama ugali uliobaki ni tonge mbili. Naye, hata akiwa na njaa, hujibu, "Asante, nimeshiba." Je, yupi kati yao ni mwongo? Wote wawili wajua ukweli, na wote wawili wamelindana heshima. Ndivyo ilivyo kwa Mjapani na "kidogo" yake.

Lakini mwanafunzi mgeni asiuchukue ukimya huo kupita kiasi. Akiwa mgonjwa, au akiwa hakufahamu somo, aseme waziwazi kwa upole. Wenyeji hawamtarajii mgeni ajue kila kitu; wanatarajia aonyeshe kwamba anajitahidi.

Hasara ya kutojali

Mwaka 2024 wageni zaidi ya milioni 36 waliingia Japani, idadi kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Katika mtaa wa Gion, mjini Kyoto, baadhi yao waliwafukuzia njiani wasichana wanaojifunza sanaa za zamani, wakiwavuta nguo ili wawapige picha. Wenyeji walivumilia, wakabandika matangazo, na mwishowe mwaka huo huo wa 2024 walifunga vichochoro vyao, na atakayeingia atozwe yeni 10,000. Sasa hata mgeni mpole haruhusiwi kupita humo, kwa sababu ya makosa ya watu asiowajua.

Basi, ndugu zangu mnaotazamia safari, na wazazi mtakaowaaga watoto wenu, tulikumbuke jambo hilo. Huko ugenini watu hawatajua kwamba wewe ni mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Watasema tu, "Mtanzania alifanya hivi." Mwanafunzi wa miaka ijayo, ambaye leo yuko shule ya msingi, atapokewa kwa kadiri ya jina utakaloliacha wewe. Ukiwa hujui la kufanya, ngoja kidogo, tazama wenyeji wanavyofanya, nawe ufanye vivyo hivyo.