Bwate otomatike: moto wa mafuta unaua gari mbele ya taa kuwaka

Siku hizi katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Bunia mpaka Uvira, jeep nyingi tunazoona ni za otomatike: RAV4, Prado, Harrier, Land Cruiser na wenzake. Hazina pedali ya ambreaji, na mujini ni raha kuziendesha. Lakini zikisha kukamata barabara ya milima na matope, kilio kinakuwa kimoja kwenye garaji zote: motere inalia lakini gari haiendi, vitesi zinachelewa kuingia, gari inakataa kurudi nyuma. Fundi akifungua karteri ya bwate, anakuta mafuta meusi yenye kunuka kama kitu kilichoungua.

Mara nyingi sababu ni moja: moto. Mafuta ya bwate yalipata moto kupita kipimo, si siku moja tu, ila mara nyingi, na hakuna mutu aliyeangalia. Kwa jamaa nyingi, hiyo gari njo shamba. Inalipa minervali ya watoto na kodi ya nyumba. Bwate ikikufa, wengi wanatafuta ingine ya okazio kwa bei kali, na kama hawakubadilisha namna ya kuendesha, hiyo nayo inafuata njia ile ile.

Habari nzuri ni kwamba sehemu kubwa ya dawa yake haiombi feza. Inaomba kuelewa.

Moto unatokea wapi?

Katika gari ya manyuele, ambreaji inakamatanisha motere na bwate. Katika otomatike, kazi hiyo inafanywa na kitu kinachoitwa konvertisere. Fikiri mapanga mawili ya ventilatere yanayotazamana ndani ya mafuta. La kwanza linazungushwa na motere, linasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha la pili, lenye kupeleka nguvu kwa bwate na magurudumu.

Kama yote mawili yanazunguka karibu sawa, moto ni kidogo. Lakini kama la kwanza linazunguka mbio na la pili linavuta pole pole, nguvu inayopotea katikati inageuka moto ndani ya mafuta. Njo hali ya gari inayopanda mulima mukali na muzigo, ao inayozungusha magurudumu ndani ya matope bila kusonga. Kwenye barabara ya lami, gari ikishika mwendo, bwate nyingi zinafunga konvertisere ili mapanga yazunguke pamoja, na mafuta yanapoa. Kwenye njia mbaya, mwendo wa kilometa 10 ao 15 kwa saa, haifungi. Kwa hiyo mwendo mudogo hauna maana kwamba bwate inapumzika. Inaweza kuwa inateseka kuliko gari yenye kukimbia.

Tuangalie barabara zetu. Gari inayotoka Uvira kuja Bukavu inaanzia kwenye ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya bahari, na inafika kwenye ziwa Kivu, karibu mita 1.460. Kati ya Kamanyola na Nyangezi kuko milima ya Ngomo. Upande wa Kivu ya Kaskazini, wenye kutoka Rwindi kwenda Kanyabayonga wanajua mupando wa Kabasha. Uongeze watu saba ndani, mifuko juu, na mvua. Bwate iko kazini dakika kwa dakika bila kupumua.

Digri ngapi ni nyingi?

Kwa bwate nyingi, mafuta yanafanya kazi vizuri kati ya digri 80 na 95. Yakifika 105 ao 110 kwenye mupando, ni alama ya kupunguza. Kuanzia 120, mafuta yanaanza kuharibika mbio na kuacha uchafu wa kunata kama vernisi juu ya vyuma na ndani ya vitundu vidogo. Ukiendelea juu zaidi, mipira inayozuia mafuta kutoka inakuwa migumu, na diski za ndani zinaungua.

Mafundi wako na hesabu moja ya kukumbuka: ukisha kupita digri 80, kila digri 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya mafuta nusu. Tuseme kwa digri 80 mafuta yangetembea kilometa 160.000. Kwa 90 yatatembea 80.000, kwa 100 yatatembea 40.000, kwa 110 ni 20.000, na kwa 120 ni 10.000 tu. Si hesabu ya kila gari, na mafuta ya kisasa yanavumilia zaidi, lakini inaonyesha namna jambo linavyokwenda: gari inatembea vizuri leo, huku maisha yake yanakwisha.

Taa ya tablo inachelewa

Land Cruiser na Prado nyingi ziko na taa kwenye tablo iliyoandikwa A/T OIL TEMP. Mashofere wengine wanafikiri kama haijawaka, kila kitu ni sawa. Hapana. Taa hiyo inawaka wakati mafuta yamekwisha kupita kipimo mbali sana. Ni kama mutu anayekuita wakati nyumba imekwisha kushika moto. Na jeep ndogo nyingi hazina hata taa hiyo.

Usidanganyike tena na mushale wa temperature. Ule unaonyesha maji ya motere, si mafuta ya bwate. Mushale unaweza kubaki katikati, huku bwate inachemka.

Namna ya kupima

Kuko njia tatu. Ya kwanza ni kifaa kidogo cha OBD kinachoingizwa chini ya volani, chenye kutuma habari kwenye telefone kwa bluetooth. Na programu kama Torque, gari nyingi za kisasa zitakuonyesha digri za mafuta ya bwate wakati unaendesha. Lakini si gari zote zinatoa habari hiyo, na zile za zamani hazina nafasi ya kifaa hicho. Uombe muuzaji akijaribu kwenye gari yako mbele ya kulipa.

Njia ya pili ni kufungisha kipimo chenye mushale wake ndani ya gari. Uulize fundi ataweka wapi kichwa chake. Akiweka kwenye karteri, unasoma moto wa mafuta yaliyotulia. Akiweka kwenye tiyo inayotoka bwate kwenda radiateri, unasoma mafuta yanayotoka kwenye konvertisere, na hapo digri zinapanda juu na mbio zaidi wakati wa kazi ngumu. Zote mbili ni nzuri, lakini ujue unasoma nini, usiogope bure ao kutulia bure.

Njia ya tatu ni kipimo cha kulenga kwa mbali. Wakaaji wa Beni, Butembo na Bunia wanakumbuka Thermoflash ya kwenye paji la uso wakati wa Ebola, mwaka 2018 mpaka 2020. Kwa mafundi kuko kifaa cha namna ile. Lakini kile cha munganga hakifai: kimetengenezwa kwa mwili wa mutu na kinaishia digri 40 na kitu, huku bwate inafanya kazi yake kwa 80 na zaidi. Utafute cha ufundi. Ukisimama, lenga kwenye karteri ya bwate, mahali peusi ao penye vumbi, kwa sababu chuma chenye kungaa kinadanganya. Na ujue kwamba mafuta ya ndani yana moto kuliko chuma unacholenga.

Kupanda, kushuka, na matope

Kwenye mupando murefu, usiache levye kwenye D bwate ikitafuta vitesi, mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tatu. Zima kifungo cha O/D, ao weka levye kwenye 2 ao L. Kwenye njia ya udongo na mwinuko mukali, gari yenye 4L uitie 4L. Watu wengi wanafikiri 4L ni ya kutoka kwenye shimo tu. Kumbe inaongeza nguvu nyuma ya bwate, motere inazunguka bila kuhangaisha konvertisere, na moto unashuka. Usitumie 4L kwenye lami kavu. Na ujue kwamba RAV4 haina 4L. Inaonekana kama jeep, lakini haikuumbwa kuvuta muzigo ndani ya matope ya kilometa nyingi.

Ukinasa, usikanyage gazi bila mwisho, D na R, D na R. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuleta moto kuliko safari nzima. Simama, chimba mbele ya magurudumu, weka matawi na mawe, shusha watu, wasukume.

Kwenye foleni ya mulimani, shika gari kwa frei, usiishike kwa gazi. Na kama unangoja murefu, weka levye kwenye N ao P.

Jambo moja linalotisha zaidi ni kutelemuka na N juu ya kuchunga esanse. Motere haikamate tena gari, frei zinabeba uzito wote na zinapata moto mpaka zinakataa. Bwate nayo inazunguka mbio huku pompe yake inatoa mafuta kidogo. Na kwenye gari za enjeksio, ukiachilia gazi huku levye iko kwenye vitesi ya chini, motere inakata esanse yenyewe. Kwa hiyo hata faida unayotafuta haiko.

Taa ikiwaka, ao kipimo kikipita 120

Achilia gazi, tafuta pahali salama, simama, weka P na ukamate frei ya mukono. Usizime motere. Wengi wanazima mara moja, wakifikiri wanaokoa gari. Lakini pompe ya bwate inazungushwa na motere. Ukizima, mafuta yanasimama ndani ya konvertisere yenye moto, hayaendi tena kwenye radiateri kupoa. Acha motere izunguke pole pole mpaka taa izime ao digri zishuke chini ya 100, kisha endelea na mwendo wa heshima.

Utazima motere katika hali mbili tu: kama mushale wa maji nao umepanda kwenye nyekundu ao muvuke unatoka, na kama unaona mafuta yanamwangika chini. Usimwangie bwate maji ya baridi.

Kama gari inapaswa kuvutwa, usiivute umbali murefu na magurudumu chini. Motere ikiwa imezimwa, hakuna mafuta yanayozunguka ndani ya bwate. Kwenye jeep yenye levye ndogo, weka kwanza hiyo levye kwenye N.

Radiateri, maji na muto

Katika gari nyingi, mafuta ya bwate yanapoa ndani ya radiateri ya motere. Kwa hiyo radiateri yenye matope kavu inaumiza wote wawili. Safisha matope kati ya mapezi yake kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Angalia pia kifuniko chake. Kwenye urefu wa Bukavu ao Goma, maji matupu yanachemka karibu na digri 95, si 100. Kifuniko kibovu pamoja na maji matupu vinaleta kuchemka mapema. Tumia maji ya radiateri yenyewe.

Kwa wenye kubeba muzigo kila siku, radiateri ndogo ya mafuta ya bwate mbele ya ile kubwa ni musaada wa kweli.

Ukifika kwenye muto na bwate yenye moto, ngoja ipoe kidogo. Bwate iko na tiyo ya kupumua. Ikipoa gafula ndani ya maji, inavuta maji ndani. Fundi anaweza kurefusha tiyo hiyo mpaka juu, chini ya kapo. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa na waridi, maji yameingia, kutoka mutoni ao kutoka radiateri iliyotoboka ndani. Usiendeshe tena.

Mafuta gani, na lini?

Mafuta mapya mengi ni mekundu, lakini mekundu yote si sawa. Toyota za miaka mbalimbali zinaomba T-IV ao WS, na hayachanganywi. Gari za CVT zinaomba mafuta yao peke. Soma kitabu cha gari ao maandishi kwenye jeje, usisome rangi.

Kwa Toyota zenye jeje, pima gari ikiwa na moto wa kazi, kwenye pahali sawa, motere inazunguka: pitisha levye kwenye nafasi zote, rudi P, kisha soma alama ya HOT. Honda nyingi zinapimwa motere ikiwa imezimwa. Zisizo na jeje ni kazi ya garaji.

Kwa barabara zetu, mafundi wengi wanashauri vidanje kila kilometa 40.000 mpaka 60.000. Ujue kwamba kufungua karteri kunatoa sehemu tu ya mafuta. Mengine yanabaki ndani ya konvertisere. Kwa hiyo, kama yalikuwa yamechafuka, uombe irudiliwe.

Na mbele ya kununua jeep ya okazio, vuta jeje, unuse. Mafuta yenye harufu ya kuungua yanakuambia safari ambazo muuzaji hakukuambia.