Mawasiliano, sanaa na teknolojia: Kwa nini vikae kitivo kimoja?

Kijana akimaliza sekondari huulizwa: unaenda sanaa au kompyuta? Kwenye Chuo Kikuu cha Simon Fraser, jimbo la British Columbia nchini Kanada, si lazima achague upande mmoja. Tangu 2009 chuo hicho kina kitivo kimoja cha mawasiliano, sanaa na teknolojia.

Ndani yake kuna nini?

Kuna shule ya mawasiliano, shule ya sanaa za kisasa yenye dansi, muziki, filamu na maigizo, na shule inayounganisha sanaa na kompyuta. Uchapishaji pia umo.

Hii ya kompyuta ilizaliwa kwa shida. Mji wa Surrey ulikuwa na chuo kikuu chake cha ufundi, TechBC. Mwaka 2002 kilifungwa, na Simon Fraser ikachukua wanafunzi na programu zake.

Faida yake ni ipi?

Chukua mfano wa kelele za mjini. Je, ni suala la nani? Mwanamuziki, mwanahabari au fundi mitambo?

Mwanamuziki R. Murray Schafer, aliyefundisha mawasiliano chuoni hapo, aliona ni suala la wote. Yeye na wenzake walizunguka na vinasa sauti, na mwaka 1973 wakatoa rekodi za sauti za jiji la Vancouver, honi za meli zikiwemo. Walitaka watu wasikilize mji wao kabla kelele hazijameza kila kitu.

Mwenzake, Barry Truax, alifundisha mawasiliano na muziki pia. Mwaka 1986 alitunga "Riverrun" kwa kompyuta: sauti zilikatwa vipande vidogo mno, kama punje za mchanga, kisha maelfu yake yakamiminwa pamoja hadi zikasikika kama mto. Bila kompyuta, kazi hiyo isingewezekana. Bila sikio la msanii, ingebaki makelele tu.

Hakuna hatari?

Ipo. Mshika mbili moja humponyoka. Mwanafunzi anaweza kugusa kila kitu asibobee popote. Ndiyo maana kila shule imebaki na fani zake.

Kwa anayechagua kozi kama hii popote pale, maswali ni mawili: nitabobea kwenye nini? Na je, nitaruhusiwa kusoma masomo ya shule ya jirani? Likikosekana jibu la swali la pili, kitivo kimeungana kwa jina tu.