Maji ya Rejeta Yanakokwenda

Pikapu kuukuu, hasa ile Hilux ya injini ya dizeli ya 2L ambayo hata leo hubeba saruji, mkaa na mbuzi katika njia zetu za vumbi, ina tabia moja inayowasumbua wenyewe kuliko kelele zake na moshi wake: hupungukiwa na maji bila ya kuonyesha yanakokwenda. Dereva hufungua boneti alfajiri, akakuta rejeta imepungua, akajaza, akaondoka. Kesho hufanya vivyo hivyo, hata kidumu cha maji kikawa abiria asiyelipa nauli. Desturi hiyo hudhaniwa kuwa haina gharama, ilhali hakuna iliyo ghali kuishinda, kwa maana silinda hedi ya injini hizo inajulikana kwa wepesi wa kupasuka gari linapochemsha, na aliyewahi kuinunua nyingine hahitaji kuhadithiwa.

Lililo gumu katika kuutafuta mvujo ni kwamba maji yenyewe huficha njia yake. Tone litokalo katika tundu jembamba likiangukia chuma chenye moto hugeuka mvuke kabla halijafika chini, na lile linalosalimika husukumwa nyuma na upepo wa feni, likaambaa juu ya mipira na nyaya, hata likadondoka mahali pasipohusika kabisa. Kwa hiyo anayelala chini ya gari akatazama penye unyevu aghalabu hupata mwisho wa safari ya tone, asipate mwanzo wake. Dalili ya kuaminika zaidi ni ukoko: kulanti ikikauka huacha alama ya rangi yake, ya kijani au ya waridi, na maji matupu huacha weupe uliochanganyika na kutu.

Kabla ya kuituhumu rejeta, na ikiwa injini imekwisha kupoa kabisa, maana maji yaliyobanwa yakiwa na moto huruka usoni mwa mwenye haraka, kitazamwe kifuniko. Kazi yake ni kama ya kifuniko cha sufuria kilichowekewa jiwe: kile kilichoandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba, hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukichanika, maji hufurika kwenye chupa ya akiba na kumwagika njiani, bighairi ya kuwapo tundu lolote. Katikati yake mna vali ndogo ambayo injini ikipoa huyaruhusu maji kurudi kutoka katika chupa. Hiyo ikiganda, mpira wa juu wa rejeta huonekana asubuhi umebonyea, kana kwamba mtu ameunyonya.

Kifuniko kikiwa kizima, fundi mwenye vyombo hufunga mahali pake pampu ya mkono yenye geji, akapandisha presha hadi namba ile ile wala asiipite, kisha akangoja. Fadhila ya kipimo hiki ni kwamba hufanywa injini ikiwa baridi, hivyo tone halina moto wa kulikausha. Geji ikishuka, huchukua tochi na kioo kidogo akaanza juu kwenda chini. Maungio ya rejeta na ncha za mipira chini ya klipu hazimchukui muda. Watapampu hustahili subira zaidi: chini ya shingo yake mna tundu dogo lililoachwa makusudi na waundaji, ili sili ya ndani ikichakaa maji yatokee hapo, nalo likiwa na mchirizi mkavu kuteremka chini, shauri limekwisha, na hata pakiwa pakavu, feni ishikwe ubapa itikiswe mbele na nyuma, maana ikicheza, beringi imelegea na sili haitadumu.

Pasahauliwapo mno ni nyuma ya injini, ambako mipira miwili huingia kabini kwenye hita. Katika nchi zetu za joto hita haiwashwi mwaka mzima, na mpira wake huoza bila ya kukumbukwa. Zulia likilowa upande wa abiria na harufu tamutamu ikasikika, dhahiri ni hapo. Na aliyezoea kujaza maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi, avitazame pia vile visahani vya chuma vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku, kwani kutu huvila kutoka ndani.

Presha ikishuka na nje pakawa pakavu, basi maji yanaingia ndani. Mapovu yasiyokoma kinywani mwa rejeta, au mpira wa juu unaokakamaa mara baada ya kuwasha, huashiria gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Poda za kuziba zisitiwe hapo. Akali ya zinachoziba ni mvujo, na nyingi huziba mirija ya rejeta.

Baada ya matengenezo, maji yajazwe polepole, kishikio cha hita kikiwa upande wa moto na pua ya gari ikielekea mlimani, mpaka themostati ifunguke na hewa itoke. Ukoko wa zamani upanguswe kwa burashi, ili mwingine ukitokea ujulikane kuwa ni mpya.