Watunzi Wetu (Sehemu ya Nne): Mnyampala aliyefunikwa na ngonjera zake

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imerudi tena magazetini, na mazungumzo yake ni yale yale ya kila mwaka: nani kashinda, kaondoka na milioni ngapi, na lini tutampata Shaaban Robert mwingine. Tuzo hiyo ni jambo la heri, na anayeibeza hana shukrani. Lakini wengi wanaouliza habari za Shaaban Robert mwingine hawajapata kuwasoma watunzi waliokuwa wakiandika zama zile zile. Msomaji aliyefuatana nami tangu mwanzo wa mfululizo huu anajua ninakoelekea. Tumekwisha kuzungumzia gazeti la Mambo Leo na malumbano yake, tumepita kwa Sheikh Amri Abedi na sheria zake za utungaji, na sehemu iliyopita tuliishia kwa Saadani Kandoro. Leo ni zamu ya Mathias Mnyampala, na hoja yangu ni moja. Mtunzi huyu hakuandika kidogo, wala hakuandika vibaya. Tulimkumbuka kwa kazi moja tu, ngonjera, tukaitumia mpaka ikachuja, kisha tukamtupa mwenyewe pamoja nayo.

Tuanze na kazi zenyewe, maana ukizipanga kwa miaka unaona upana wake. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwaka 1961 kikafuata Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, hadithi ya nathari. Mwaka 1963 zilitoka kazi mbili zisizofanana kabisa: Diwani ya Mnyampala, na Utenzi wa Enjili Takatifu uliochapwa na wamisionari wa Ndanda. Baada ya hapo kuna Utenzi wa Zaburi, kuna Waadhi wa Ushairi, kuna Mashairi ya Hekima na Malumbano ya Ushairi, halafu ndipo zinakuja Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. Mwenye orodha hii alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, akiwa na miaka 50 na ushei, na mkate wake aliupata serikalini, katika kazi ya uhakimu. Mwanahistoria, msimulizi, mtenzi wa dini, mshairi wa diwani, mtunzi wa michezo ya kughani: wote hao ni mtu mmoja. Ukimuuliza mwanafunzi wa leo Mnyampala ni nani, akijaliwa kujibu atasema, “Yule wa ngonjera.”

Nitakaa kidogo kwenye kile kitabu cha 1954, kwa sababu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mwaka aliozaliwa Mnyampala, Ugogo ulikuwa unaingia katika njaa ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimeipitia nchi hiyo, na majeshi ya pande zote mbili yalijitwalia ng’ombe na nafaka, yakawakamata wanaume wenye nguvu kuwa wapagazi. Kisha mvua nazo zikagoma. Maelfu walikufa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula, na balaa hilo halikwisha mpaka 1920. Jamii iliyopata pigo la namna hiyo hupoteza watu, na pamoja na watu hupoteza kumbukumbu, kwa kuwa wazee wanaojua chimbuko la koo, mipaka ya watemi na taratibu za matambiko ndio wanaotangulia kufa njaa inapozidi. Ukikisoma kitabu cha Mnyampala ukiwa na habari hiyo kichwani, ule uvumilivu wake wa kuorodhesha ukoo baada ya ukoo, nani alitoka Uhehe na nani alitoka Unyamwezi, hauchoshi tena. Ni kazi ya mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua.

Tena aliiandika kwa Kiswahili. Hilo linaonekana dogo leo, lakini mwaka 1954 halikuwa dogo. Mwenzake wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, alikuwa amekwisha kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na baadaye akalazimika kuitafsiri mwenyewe ili ipate kuchapishwa. Mnyampala alikata shauri tangu mwanzo kwamba mambo ya Wagogo yasomwe na Mzaramo, Mchaga na Mpemba bila mkalimani. Kabla ya uhuru, na miaka 13 kabla ya Baraza la Kiswahili kuundwa, hakimu wa Dodoma alikuwa anaandika kana kwamba taifa lipo tayari. Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 1995 kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza nchini Marekani kwa kazi ya mwanahistoria Gregory Maddox, ambaye pia ameichunguza kwa kina njaa ile ya Mtunya. Mwanafunzi wa chuo cha ng’ambo ana njia ya kumfikia Mnyampala. Mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma, anayepita kila asubuhi juu ya ardhi inayosimuliwa humo, atahangaika maduka mangapi ya vitabu kabla ya kuipata nakala ya Kiswahili?

Tuje kwenye tenzi. Wapo wanaosema Mnyampala alikuwa mtu wa bara aliyevaa kanzu ya kuazima. Hoja yao ni kwamba utenzi ni mali ya pwani na ya Uislamu, tangu Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728 mpaka Mwana Kupona alipomuusia bintiye mwaka 1858, kwa hiyo Mkatoliki wa Ugogo hakuwa na lake humo. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba Tambuka yenyewe inasimulia vita vya Mtume na mfalme wa Rumi, habari zilizotoka Uarabuni, na kwamba watu wa Pate walizichukua wakazifanya zao kwa lugha yao na mizani yao. Umbo la utenzi lilikua kwa kupokea mageni. Mnyampala alifanya kwa Injili yale yale waliyoyafanya wao kwa visa vya maghazi, na kwa kufanya hivyo alithibitisha kwamba arudhi ya Kiswahili ina nafasi kwa kila mwenye lugha hii, awe anaswali au anasali.

Na kazi yenyewe si lelemama. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Chukua neno Yerusalemu: lina silabi tano, na mtunzi aliyeliweka anabaki na tatu za kueleza nani alikwenda huko na kufanya nini. Wafarisayo nao wanameza tano. Nazareti na Galilaya zinachukua nne nne, nusu nzima ya mshororo. Injili imesheheni majina ya namna hiyo, tena ni kitabu ambacho waumini wanakijua kwa moyo, hivyo mtunzi hana ruhusa ya kuongeza mhusika wala kuruka tukio ili kina kikae sawa. Mishororo mitatu ya kila ubeti lazima ishikane vina, na wa nne urudi kwenye bahari ile ile iliyofungua utenzi, mamia ya beti kwa mamia. Anayedhani ni rahisi achukue sura moja ya Luka ajaribu. Shairi la tarbia, lenye mizani kumi na sita, linampa mtunzi pa kupumulia. Utenzi humbana, na ni katika kubanwa huko ndipo Mnyampala anapoonyesha ufundi.

Sasa ngonjera, zilizompa jina na kumnyang’anya mengine. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawataka wautumie ushairi kulieleza Azimio kwa wananchi. Mnyampala, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, aliitikia kwa namna yake. Alichukua malumbano, utamaduni uliokuwapo tangu Lamu na Mombasa zikitupiana mashairi siku za mshairi Muyaka, akautoa kwenye karatasi akausimamisha jukwaani. Watu wawili au zaidi, mara nyingi wanafunzi, wanabishana kwa beti mpaka mmoja akubali. Chanzo chake hutajwa kuwa siasa, na siasa imo. Lakini mtu aliyekaa miaka barazani kusikiliza mashauri alijua umbo jingine linalofanana na hilo: mlalamikaji anasema, mlalamikiwa anajibu, shahidi anaongeza, hatimaye inatolewa hukumu. Mimi nazisoma ngonjera kama kazi ya hakimu kuliko kama kazi ya kada, na ushahidi wangu ni muundo wake. Mpinzani anapewa zamu. Anapewa mizani zile zile na vina vile vile, na hoja yake lazima isikike yote kabla haijajibiwa.

Najua nitajibiwa kwamba hukumu ya ngonjera ilikwisha kuandikwa kabla kesi haijaanza, na kwamba asiyelitaka Azimio hakushinda hata siku moja. Ni kweli, wala sitaitetea sehemu hiyo. Ushairi uliojua jibu tangu ubeti wa kwanza hupungukiwa na kitu, na zile za Mnyampala hazikusalimika na kasoro hiyo. Ila tupime kwa haki. Mtunzi alifariki mwaka 1969, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka uliofuata. Hakuwapo ngonjera zilipogeuka kuwa mapambo ya kumpokea mgeni rasmi, watoto wamepangwa mstari juani kumsifu mkuu wa wilaya kwa kuleta kisima ambacho hakijachimbwa. Hapo mpinzani alifukuzwa jukwaani na pande zote mbili zikabaki kusifu. Waliofanya hivyo ni sisi tuliobaki hai, na kumtwika marehemu dhambi hiyo ni dhuluma.

Pingamizi la pili ni la wasomi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, mlango wa mashairi yasiyofungwa na vina ulifunguka, na baadhi ya watu wakahitimisha kwamba wana-arudhi wamepitwa na wakati. Kezilahabi ni mshairi mkubwa, na lugha yetu imepanuka kwa ajili yake. Hata hivyo mgogoro ule ulikuwa na pande mbili, na leo upande mmoja vitabu vyake vinapatikana, wa pili havipatikani. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba vina na mizani ni minyororo, bila kuonyeshwa mtu aliyecheza ndani ya minyororo hiyo kwa miaka mingi, hajafundishwa ushairi. Amepewa hukumu bila mwenendo wa kesi.

Kwa nini basi havipatikani? Vitabu muhimu vya Mnyampala vilitolewa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kenya ilianzisha shirika lake la kurithi, mpaka ukafungwa, na vitabu vya watunzi wa Tanzania vikabaki yatima. Ushairi wetu unaijua hali hiyo tangu zamani. Muyaka alifariki mwaka 1840, na diwani yake haikuchapishwa mpaka 1940, tena Johannesburg, kwa sababu tu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa amezikusanya tungo hizo pamoja na mmisionari Taylor, na Hichens akazihariri. Kitereza alisubiri miaka 35 riwaya yake ichapwe, na nakala zilipofika nchini mwaka 1981 mwenyewe hakuwapo kuzishika. Mnyampala naye aliandika maisha yake, Maisha ni Kugharimia, na muswada huo ulichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake, kwa juhudi za mtafiti Mfaransa, Mathieu Roy. Tumshukuru Mfaransa. Kisha tuone haya.

Nafasi imenitupa mkono, na la leo limebaki na mistari michache. Taifa linalozawadia miswada mipya huku likiacha vitabu vyake vipotee linateka maji kwa pakacha, kwa kuwa washindi wa mwaka huu nao watakuwa watunzi wa zamani baada ya miaka 40. Visingizio vya gharama havitoshi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwa Mnyampala muda huo ulitimia mwishoni mwa 2019. Mchapishaji yeyote anaweza leo kuirudisha sokoni Diwani ya Mnyampala, ingawa adabu inataka familia ipigiwe hodi kwanza. Wenye tuzo watenge fungu la kuchapisha upya kitabu kimoja cha marehemu kila mwaka, wahariri wakitie utangulizi, na kila maktaba ya mkoa ipate nakala. Waanze na historia ya Wagogo, ili serikali iliyohamia Dodoma iwajue wenyeji wake. Sehemu ya tano tutaifungua Diwani yenyewe, tuipime bahari kwa bahari.