Tovuti ya shamba lako imeandikwa kwa jina la nani?

Niliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na ukungu wa viazi. Naomba mnivumilie, tutaurudia. Kuna jambo limetokea Rungwe na nisipolisema leo litawakuta na wengine.

Simu iliingia asubuhi nikiwa njiani kwenda Uyole. "Shikamoo bwana shamba. Tovuti yetu haifunguki, na mnunuzi anataka kuiona leo." Hawa ni vijana wa kikundi kimoja cha parachichi aina ya Hass. Miaka miwili nyuma walichanga hela wakamlipa fundi wa mjini awatengenezee tovuti. Kazi ilikuwa nzuri, hata mimi niliisifia: picha za shamba, idadi ya miti, mwezi wa kuvuna, cheti cha GLOBALG.A.P. Baadaye fundi akahama mji, akabadilisha namba. Ada ya mwaka ya jina la tovuti ikaisha muda, na ya mahali inapohifadhiwa vilevile. Taarifa za kukumbushwa zilikuwa zinaenda kwenye barua pepe ya fundi, maana kila kitu kilisajiliwa kwa jina lake. Vijana wenyewe walikuwa na paswedi ya kuingiza habari na picha, basi. Mnunuzi alisubiri siku mbili, akachukua mzigo wa kikundi kingine.

Mmoja wao akaniuliza: "Lakini si tuliambiwa WordPress ni ya bure, ni ya kila mtu?"

Waliambiwa kweli. Tatizo ni kwamba walidhani na tovuti yao ni yao kwa sababu hiyo, na hapo ndo wengi tunachanganya.

WordPress, Joomla na Drupal ni programu huria. Msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuutumia kwenye biashara, kuubadilisha, kuunakili na kuhama nao bila kumlipa mtu leseni. Zote tatu zinatolewa kwa leseni inayoitwa GPL. Kazi yake ni kukuwezesha uandike, uweke picha na ubadilishe bei mwenyewe bila kujua kuandika programu, karibu sawa na unavyoandika Facebook. WordPress ilianza 2003, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa hiyo fundi akikwambia mfumo aliouunda mwenyewe kutoka sifuri ndio bora zaidi, muulize: siku tukiachana, nani mwingine ataulewa?

Joomla ina kisa ambacho sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kukijua, maana jina ni letu. Ni neno jumla, lile lile la kuuza kwa jumla, limeandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Kabla ya hapo programu hiyo iliitwa Mambo (usijibu poa kwanza), na jina hilo lilikuwa mali ya kampuni ya Australia iitwayo Miro. Mwaka 2005 Miro ikaunda taasisi ya kuisimamia programu, na walioiandika wakaona hawana sauti ndani yake. Agosti mwaka huo wakaondoka. Kwa kuwa msimbo ulikuwa chini ya GPL, walitoka nao na hapakuwa na wa kuwazuia. Septemba wakatoa toleo la kwanza la Joomla. Lakini angalia kilichobaki nyuma: jina. Mambo lilikuwa la kampuni, hawakuweza kulibeba. Ikabidi watafute jina jipya, wakaangukia kwenye jumla.

Vijana wa Rungwe wamekutwa na hicho hicho, tena kwa ubaya zaidi. Programu ni ya kila mtu, ila jina ni la aliyelisajili. Na maandishi na picha zao zilikuwa kwenye mitambo ya kampuni ambayo mteja wake ni fundi. Wale wa Joomla angalau walikuwa na kazi yao mkononi.

Sasa, kabla hujalipa hata awamu ya kwanza. Jina la tovuti, tuseme linaloishia na .co.tz, lisajiliwe kupitia wakala aliyeidhinishwa kwa jina la kampuni yako uliyoiandikisha BRELA, au la kikundi. Lisiwe la fundi, na lisiwe la katibu wenu pia, maana makatibu nao huolewa, huhama, hugombana. Fungueni barua pepe ya kikundi ambayo viongozi wawili wanajua paswedi yake, hiyo ndiyo iandikwe kwenye usajili. Halafu mwombe wakala akuonyeshe jina la mmiliki lilivyoandikwa. Usikubali "liko sawa" ya mdomoni. Huduma ya kuhifadhi tovuti nayo ilipie mwenyewe, kisha umpe fundi paswedi afanye kazi yake. Akimaliza, ibadilishe.

Nakala ya akiba ndiyo inayowashinda wengi. Tovuti ya WordPress au Joomla ina sehemu mbili: mafaili, yaani picha na muonekano, na hifadhidata, ambako maandishi yenu, bei zenu na kurasa zote zimo. Ukipakua mafaili peke yake umebeba ganda. Chukua zote mbili kila mwezi, na kila mara kabla ya kusasisha programu, uziweke kwenye flashi na kwenye Google Drive. Ukiwa nazo, fundi mwingine yeyote anayejua kazi, awe Mbeya, Iringa au Dar, anaweza kuisimamisha tovuti yako sehemu nyingine. Faida ya programu huria kwa mkulima iko hapo hasa, kuliko hata kwenye neno bure.

Sisemi mafundi ni wezi. Huyu wa Rungwe alipopatikana aliomba radhi, alisahau tu. Mlipeni fundi vizuri, na mlipeni kwa mwaka ili asasishe programu. Matoleo ya zamani huachwa: Joomla 3 iliacha kupata marekebisho ya usalama Agosti 2023. Na mtu akikuletea muonekano wa kulipia ambao "ameupata bure" mahali, mkatae kama unavyokataa mbegu isiyo na lebo ya TOSCI. Humo ndimo wahalifu hupenda kuficha vitu vyao.

Upande wa Iringa kuna dada mmoja wa Kilolo anayeuza miche ya parachichi iliyobebeshwa. Yeye alianza na WordPress ya kurasa nne na anaiendesha kwa simu. Kabla ya hapo alikuwa anajibu maswali yale yale WhatsApp mpaka usiku: miche ina umri gani, shimo lichimbwe futi ngapi, mnasafirisha hadi wapi. Sasa ameyaandika mara moja, mteja akiuliza anamtumia kiungo. Kila bei ameiwekea tarehe. Picha anazipunguza kabla ya kuzipandisha, kwa sababu picha moja ya simu huweza kuwa na megabaiti nne au tano na bando la mteja halimsubiri. Nilichompenda zaidi: ukurasa wa mbele una picha ya kitalu chake mwenyewe, siyo parachichi la kuokota mtandaoni.

Kwa wale wa viazi na nyanya, andikeni kilo. Mnunuzi wa mbali akisoma "gunia" hajui kama ni la kawaida au lumbesa, na akihisi lumbesa anaona matatizo ya vipimo mbele yake.

Joomla au WordPress? Kama unauza nje na unataka kurasa za Kiswahili na Kiingereza, Joomla huja na uwezo wa lugha nyingi ndani yake. WordPress utahitaji kuongeza programu ndogo kwa ajili hiyo. Lakini kwa ninavyoona huku kwetu, fundi wa WordPress ni rahisi kumpata, na kwangu hilo lina uzito zaidi. Na kama unauza kabichi Mwanjelwa kwa wateja wale wale watano, huhitaji tovuti. Nunua pampu.

Rungwe wameanza upya. Jina la zamani limeshachukuliwa na mtu mwingine, hivyo wamesajili jipya kwa jina la kikundi, na picha wanazikusanya kutoka kwenye simu za wanachama. Maboksi yenye anwani ya zamani bado yamejaa stoo. Jumamosi nilipopita walikuwa wamekaa chini, wanabandika stika moja moja.