Julio Jaramillo: Fundi Aliyefunikwa na Vituko Vyake

Ukimtaja mwimbaji Julio Jaramillo mjini Guayaquil, bandari kubwa ya Ekuador, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye chupa na wanawake. Utasimuliwa watoto wake wengi wa mama mbalimbali, na jinsi fedha zilivyompita mkononi. Simulizi hizo, hata zinapokuwa za kweli, zinamdhulumu, maana zinatuaminisha kwamba mwimbaji wa bolero, zile nyimbo za taratibu za mapenzi, huimba vizuri kwa sababu tu ameumia. Uchungu kila mtu anao. Wanaoweza kuupanga ndani ya dakika tatu za santuri, ukaeleweka na mtu asiyewajua, ni wachache, na Jaramillo alikuwa mmoja wao kwa sababu alikuwa fundi wa kazi yake.

Alizaliwa Guayaquil tarehe 1 Oktoba 1935. Baba alifariki Julio akiwa bado mdogo, mama akawalea watoto kwa kazi ya uuguzi, na kijana akashika ufundi viatu kabla sauti haijaanza kumlipa. Kaka yake, Pepe, naye alikuwa mwimbaji. Bolero yenyewe haikuwa ngeni wakati huo. Ilizaliwa Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, ikahamia Mexico, na kuanzia 1944 Trio Los Panchos, kundi lililoanzia New York, likaieneza kwa magita na sauti tatu, huku Alfredo Gil akipiga requinto, gita dogo lenye sauti ya juu. Wapenzi wa rumba ya Kongo hawatashangaa, kwani santuri za Kuba zilifika Léopoldville pia, na bendi za huko zikawa na bolero zao. Jaramillo basi alirithi mtindo uliokwisha kukomaa, wenye kanuni zake, na huwezi kung'ara katika mtindo wa namna hiyo kwa machozi matupu.

Chukua wimbo uliomtangaza, "Nuestro juramento", alioutoa mwaka 1957. Haukuwa wake; aliutunga Benito de Jesús wa Puerto Rico. Wapenzi wawili wanawekeana kiapo kuhusu kifo: mmoja akitangulia, anayebaki afanye nini. Kwa maneno mazito kiasi hicho, mwimbaji mwenye papara angelia kabla ya msikilizaji. Jaramillo anafanya kinyume. Requinto inafungua njia, kisha sauti yake nyembamba, safi, inaingia kana kwamba anazungumza na mtu aliyeketi karibu naye. Kila silabi inasikika, na panapofika kutajwa kifo hapigi kelele. Anaacha gita lijibu. Nguvu yote iko katika kujizuia kule. Ufundi huohuo aliutumia kwenye valsi za Peru, kama "Fatalidad", na kwenye pasillo za kwao, ndiyo maana Wavenezuela, Wakolombia na Wameksiko walimpokea kama mtu wa nyumbani.

Yupo atakayesema kwamba mashine ndiyo iliyompaisha. Ni kweli kwamba baa za wakati ule zilikuwa na rokola, yale makabati ambayo mteja hutumbukiza sarafu na kuchagua santuri, na kampuni ya Ifesa ilikuwa ikichapa santuri Guayaquil penyewe. Lakini rokola haina upendeleo. Sarafu ileile ingeweza kumwita mwimbaji mwingine, na mtu aliyetoka kupokea ujira wa siku hatumii senti yake kwa sauti isiyomgusa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba alianza kwa kumwiga Olimpo Cárdenas, Mwekuador aliyemtangulia. Hilo halikanushiki, wala si aibu. Ndivyo mafundi wanavyojifunza, na baadaye wawili hao walirekodi pamoja, mwanafunzi akawa mwenza. Wengine, hasa wa tabaka la juu, waliudharau muziki huu kuwa ni wa walevi. Hapa nitawaachia kidogo: zipo nyimbo za rokola ambamo mwanamume hujihurumia na mwanamke hubebeshwa lawama zote, na kuziimba vizuri hakuzifanyi ziwe za haki. Ila hiyo ni hukumu juu ya maneno ya nyimbo, tena nyingi zilizotungwa na wengine, na haimnyang'anyi mwimbaji kipimo chake cha pumzi, matamshi na utulivu.

Alirudi Ekuador katika miaka ya 1970 baada ya kuishi ughaibuni muda mrefu, na akafariki Guayaquil tarehe 9 Februari 1978, akiwa na umri wa miaka 42, kufuatia upasuaji. Umati mkubwa wa watu ulijitokeza kumuaga. Dharau za wakubwa hazikudumu: tangu 1993, kila tarehe 1 Oktoba, siku aliyozaliwa, Ekuador huadhimisha Siku ya Pasillo, muziki wa nyumbani, ingawa nje ya nchi jina lake lilibebwa zaidi na bolero.